Gauni halikai mwilini: kusoma dalili na kurekebisha paterni

Gauni likikataa kukaa, mkono wa fundi hukimbilia ubavuni. Anabana hapa, anaachia pale, mwisho gauni linavalika lakini mikunjo ni ileile na maua ya kitenge yamepinda. Mara nyingi ubavu hauna kosa. Kosa lilianzia begani, kifuani au mgongoni, na mahali pa kulisahihisha ni kwenye paterni, yaani karatasi ya kukatia, kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Hapa tunalichukua gauni la kitenge lenye mikono ya kuunga, zipu nyuma na kiuno cha kubana. Kitenge ni pamba isiyovutika, kwa hiyo hakimfichii mtu kosa. Anayeweza kulikalisha gauni la namna hiyo hatasumbuliwa na vitambaa vinavyonyumbulika.

Kwanza shona la majaribio

Nunua marekani (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi) ya bei nafuu yenye uzito unaokaribia kitenge. Kata gauni la majaribio kwa paterni ilivyo, lakini acha akiba ya mshono (kitambaa cha ziada nje ya mstari wa kushonea) ya sm 3 ubavuni na begani ili upate pa kuachia. Chora kwa kalamu mistari hii juu ya kitambaa: katikati mbele, katikati nyuma, mstari wa kifua, wa kiuno, na wa hipsi, ambao kwa watu wengi uko sm 18 hadi 20 chini ya kiuno. Shona kwa mishono mirefu ya milimita 4, au piga bandi kwa mkono, maana utafumua mara kadhaa.

Anayepimwa avae sidiria na viatu atakavyovaa siku yenyewe. Sidiria tofauti inaweza kuhamisha ncha ya ziwa sm 2 au 3, na dati zote (mikunjo ya kabari inayoshonwa ili kulipa gauni umbo) zikawa mahali pabaya bila kosa la fundi.

Sasa soma mikunjo. Mkunjo uliokaza kama kamba unasema kitambaa hakitoshi. Fuata ncha zake, moja itakuonyesha mahali palipobana. Mkunjo uliolegea na kuning'inia kama pazia unasema kitambaa kimezidi. Kisha tazama ile mistari ya kalamu. Mstari wa kiuno ukipanda mbele, kuna kitu mbele kinahitaji urefu zaidi. Mshono wa ubavuni ukielekea nyuma badala ya kwenda wima, nyuma kunavuta.

Rekebisha kuanzia juu kwenda chini: mabega, kifua, mgongo, kiuno, hipsi, na mikono iwe ya mwisho. Bega likikaa vizuri, kasoro mbili tatu za chini huondoka zenyewe. Badilisha jambo moja, vaa tena, ndipo ugeukie jingine. Ukibadilisha matatu kwa mpigo hutajua lipi limeponya na lipi limeharibu.

Limebana kila mahali, juu hadi chini

Hapa usiguse umbo la paterni kwanza. Kama uliipakua intaneti na kuichapisha, tafuta kisanduku cha kupimia, ambacho huwa cha sm 5 au sm 10, ukipime kwa rula. Kisanduku cha sm 10 kikisoma sm 9.7, kompyuta imeipunguza paterni ili ienee kwenye karatasi: kifua cha sm 100 kimekuwa sm 97. Chapisha upya kwa asilimia 100, na zima chaguo la kulinganisha na ukubwa wa karatasi.

Chanzo cha pili ni akiba ya mshono. Paterni nyingi za Marekani huja nayo tayari, inchi 5/8, karibu sm 1.5. Za jarida la Burda la Ujerumani huja bila akiba, unaongeza mwenyewe. Ukikata paterni isiyo na akiba ukidhani inayo, unapoteza sm 6 kwenye mishono miwili ya ubavuni na sm 3 nyingine kwenye zipu. Sm 9 zimeliwa, na zipu haitafunga hata uvute pumzi.

Chanzo cha tatu ni kitambaa kurudi. Kata kipande cha kitenge cha sm 20 kwa 20, kifue, kikauke, kipige pasi, ukipime. Kikisoma sm 19.4, kimerudi asilimia 3, na gauni lenye kifua cha sm 100 litakuwa la sm 97 baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Loweka kitenge chote kabla ya kukata. Wateja wengi wanaolalamika kwamba wamenenepa ghafla wamevaa gauni lililorudi tu.

Kama hayo yote ni sawa, pima paterni yenyewe kutoka mshono hadi mshono ukiziruka dati, na ulinganishe na mwili. Gauni la kitambaa kisichovutika linahitaji nafasi ya kupumua ya sm 5 hadi 7 kifuani, sm 2.5 hadi 4 kiunoni, na sm 4 hadi 6 kwenye hipsi. Chini ya hapo mtu atasimama vizuri lakini hataketi.

Mikunjo inaelekea kwenye matiti, gauni limepanda mbele

Dalili zake huja pamoja: mikunjo iliyokaza kutoka kwapani na ubavuni kwenda kwenye ncha ya ziwa, kiuno kimepanda mbele, tundu la mkono linaachama karibu na ziwa, na pindo la mbele ni fupi kuliko la nyuma. Kosa linalorudiwa sana ni kuchukua paterni kubwa zaidi. Kifua kitatosha kweli, lakini mabega yataanguka, shingo itaachama, na mgongo utajaa kitambaa. Mwenye matiti makubwa si lazima awe na mifupa mipana.

Pima vifua viwili. Kifua cha juu: futi (utepe wa kupimia) ipite chini ya makwapa na juu ya matiti. Kifua kizima: futi ipite kwenye ncha za matiti, ikiwa sambamba na sakafu. Paterni nyingi za biashara huchorwa kwa mtu ambaye vipimo hivyo vinatofautiana kwa takriban sm 5. Tuseme mteja ana kifua cha juu sm 92 na kifua kizima sm 101. Ongeza 5 kwenye 92, unapata 97. Chagua saizi iliyo karibu, mathalani ile ya kifua cha sm 96. Mabega na shingo vitamfaa. Zimebaki sm 5 za kuongeza kifuani, na kwa kuwa paterni ni ya nusu ya mwili, utaongeza sm 2.5 kwenye karatasi.

Weka kipande cha mbele juu ya karatasi nyingine na utie alama ncha ya ziwa kama ilivyo mwilini, siyo kama paterni inavyodhani. Kisha:

1. Chora mstari wa kwanza kutoka ncha ya ziwa kushuka hadi kiunoni, sambamba na katikati mbele.
2. Chora wa pili kutoka ncha hiyo kupanda hadi tundu la mkono, uligonge kwenye theluthi yake ya chini.
3. Chora wa tatu kutoka ubavuni kupita katikati ya dati ya kifua hadi kwenye ncha.
4. Kata kuanzia kiunoni, pinda kwenye ncha, panda kuelekea tundu la mkono, na usimame milimita 2 kabla ya mstari wa kushonea. Kata mstari wa tatu kutoka ubavuni na usimame milimita 2 kabla ya ncha. Hizo milimita 2 ndizo bawaba zako. Zikikatika, zigandishe kwa selotepu kabla hujaendelea.
5. Sogeza upande wa ubavuni kwenda nje hadi kingo za mstari wa kwanza ziachane sm 2.5 sawasawa, juu hadi chini. Dati ya ubavuni itafunguka yenyewe. Huo ndio upana na urefu ambao ziwa lilikuwa linaudai.
6. Upande wa ubavuni sasa umeshuka chini kuliko upande wa katikati. Kata kipande cha chini cha upande wa katikati kwa mlalo, ukishushe hadi viuno vilingane, na ujazie karatasi kwenye pengo.
7. Gandisha yote, chora dati upya, kisha funga dati ya ubavuni kwa kuikunja na upime ubavu wa mbele dhidi ya ubavu wa nyuma. Lazima vilingane.

Hatua ya sita ndiyo inayorukwa, na ndiyo sababu magauni mengi yaliyoongezwa kifuani bado yanapanda mbele. Upana umeongezwa, urefu umesahauliwa.

Ukihitaji zaidi ya sm 4 kwa upande mmoja, dati moja itakuwa nene na kuota kilima. Igawe mbili, au peleka sehemu ya upana kwenye dati ya kiunoni. Dati ya kiunoni imeongezeka nayo. Mtu mwenye tumbo asiishone yote, abakize kile kinachohitajiwa na kiuno chake. Mwenye matiti madogo, ambaye kitambaa kinamlegea na kujikunja kifuani, anapita njia hiyohiyo kwa kurudi nyuma: kingo zinapandana badala ya kuachana.

Ncha ya dati imechongoka

Dati ielekee kwenye ncha ya ziwa lakini iishe kabla ya kuifikia: sm 2.5 kwa kifua kidogo, hadi sm 4 kwa kikubwa. Ikiwa iko juu au chini mno, usiipinde ncha peke yake. Chora kisanduku kuizunguka dati nzima, kikate, ukishushe au ukipandishe kama droo, kisha unganisha mstari wa ubavu.

Ikiwa mahali ni sahihi lakini bado imechongoka, kosa liko kwenye cherehani. Sentimita ya mwisho ishonwe karibu kabisa na ukingo wa mkunjo, kama unataka kutoka nje ya kitambaa uzi mmoja mmoja. Usirudishe mshono kwenye ncha; acha nyuzi ndefu uzifunge fundo kwa mkono. Piga pasi juu ya taulo lililokunjwa kuwa mviringo. Ukipiga juu ya meza bapa unaifuta ile duara uliyohangaika kuitengeneza.

Mkono ukiinuka, gauni lote linapanda

Mteja anainua mkono kushika bomba la daladala, na pindo linafika juu ya magoti. Fundi husikia "pananibana kwapani" na kuchimba tundu la mkono zaidi. Hilo linaongeza ugonjwa. Tundu likishuka, mkono na ubavu vinakutana chini zaidi, mbali na kwapa, na kila mkono unapoinuka unaubeba mwili mzima wa gauni.

Kwa kitambaa kisichovutika, tundu la mkono likae sm 2 hadi 2.5 chini ya kwapa. Likiwa chini ya hapo, lipandishe kwenye karatasi kwa kuongeza pembeni ya ubavu juu, na uupandishe mkono kwa kiasi hicho hicho pale chini ya kwapa. Gauni likiwa limeshakatwa, kuna dawa ya kale ambayo mafundi wa kanzu wanaijua vizuri: kikwapa. Fumua sm 8 hapo kwapani, sm 4 mkononi na sm 4 ubavuni, ingiza kipande cha umbo la almasi kilichokatwa hanamu (mshazari wa nyuzi), na mkono utafunguka.

Kuna mkono wa gauni unaobana kwenye mnofu, juu ya kiwiko, mikunjo ya mlalo ikiuzunguka. Zungusha futi kwenye mnofu na uongeze sm 4 hadi 5. Huo ndio upana unaotakiwa. Kama paterni haifiki, chora msalaba kwenye mkono: mstari wima toka kileleni hadi pindoni, na mstari wa mlalo kwapa hadi kwapa. Kata yote miwili ukiacha bawaba kwenye ncha nne, kisha vuta pande za kushoto na kulia ziachane. Kichwa cha mkono kitashuka kidogo huku mzunguko wake ukibaki vilevile, kwa hiyo utaingia kwenye tundu lilelile.

Ama mkono unaokunjamana kichwani, yaani ukingo wa juu unaoungwa na tundu, pima mzunguko wa kichwa hicho dhidi ya tundu. Kitenge kinavumilia ziada ya sm 2 au 2.5 tu, ikiwa sm 4, hakuna pasi itakayoimeza. Punguza kichwa.

Mikunjo ya mshazari begani

Mikunjo inayotoka shingoni kushuka kwenda kwapani ni ya mabega yaliyoteremka. Bana kitambaa kwenye ncha ya bega kwa pini hadi mikunjo ipotee. Kwa kawaida ni sm 0.6 hadi 1.5. Kwenye karatasi shusha ncha ya bega kiasi hicho, ukianzia sifuri shingoni, na ulishushe tundu la mkono kiasi hicho hicho. Usiposhusha tundu, umelifanya dogo.

Mabega yaliyonyooka hutoa kinyume chake: mkunjo wa mlalo chini ya shingo kwa nyuma, na mvuto kwenye ncha za mabega. Fumua bega, tazama linavyofunguka kwenye ncha, upandishe bega na tundu kwa kiasi hicho. Bega moja likiwa chini kuliko jingine, jambo la kawaida kabisa, kata kila upande na karatasi yake.

Kitambaa kinajikusanya juu ya zipu

Dalili hii ina vyanzo viwili visivyofanana, na dawa ya kimoja haimfai mwenye kingine. Huenda mgongo umebonyea kiunoni, basi urefu wa nyuma ni mwingi mno. Au hipsi zimebana, kitambaa kinashindwa kushuka na kinapanda kutafuta mahali pembamba. Kuvijua ni rahisi: fumua mishono ya ubavuni kutoka kiunoni hadi kwenye hipsi. Nyuma kukishuka na kulainika, ongeza hipsi. Kukibaki palepale, ni mgongo.

Kwa mgongo, bana mkunjo wa mlalo katikati nyuma hadi uwe laini, mara nyingi sm 1.5 hadi 2.5. Gauni lenye mshono kiunoni ni jepesi: chora upya kiuno cha kipande cha juu nyuma, ukate kiasi hicho katikati na kumalizia na sifuri ubavuni. Lisilo na mshono, kunja karatasi kwa kabari hiyo hiyo, kisha nyoosha mstari wa katikati nyuma, maana utakuwa umepinda. Ubavu haubadiliki urefu.

Shingo inaachama

Shingo ya V huwa imekatwa hanamu na huvutika hata kwa kuning'inizwa. Mara tu ukishakata, kabla ya jambo lolote jingine, pitisha mshono milimita 5 kutoka ukingoni kuizunguka. Kama hata la majaribio lililoshikwa hivyo linaachama, bana ziada kwa pini. Kwenye karatasi, kunja kabari hiyo kutoka shingoni hadi ncha ya ziwa na uiache dati ifunguke kuimeza. Sm 1 kwa upande inatosha watu wengi.

Mistari chini ya kiuno, pindo limepanda nyuma

Mistari ya mlalo iliyokaza kuzunguka hipsi ni upana mdogo; ikiwa mtu ana kiuno cha saizi moja na hipsi za nyingine, chora mstari laini unaohama kutoka saizi hadi saizi kati ya kiuno na hipsi. Lakini tazama ubavu kabla ya kuongeza. Mshono wake ukielekea nyuma, makalio ndiyo yanayodai, na kuongeza mbele na nyuma sawasawa kutaacha tumbo likipwaya. Ongeza kipande cha nyuma tu: kata mlalo kwenye mstari wa hipsi kutoka katikati nyuma hadi karibu na ubavu, fungua sm 2 hadi 3 katikati, kisha ongeza sm 1 hadi 1.5 ubavuni na uipanue dati ya nyuma ili kiuno kisiongezeke. Mwenye mgongo uliobonyea na makalio yaliyojaa anahitaji yote mawili: kupunguza juu ya kiuno, kuongeza chini yake.

Sketi inajipinda miguuni

Hapa paterni haina kosa. Kitambaa kilikatwa nje ya mtande, yaani nyuzi za urefu. Kwenye kitenge mtego ni michoro: wakati mwingine imechapwa ikiwa imepinda kidogo, na anayefuata maua badala ya nyuzi anakata kombo. Vuta uzi mmoja wa mshindio (nyuzi za upana) kutoka ukingo hadi ukingo na uone njia yake. Huo ndio mlalo wa kweli. Kisha pima kutoka ncha zote mbili za mshale wa paterni, ule unaoonyesha njia ya mtande, hadi ukingo wa kitambaa. Juu ikisoma sm 21, chini isome sm 21. Kama michoro imeachana na nyuzi kwa zaidi ya sm 2 katika upana wote wa sm 115 au 120, kitenge hicho kikate mikono, ukanda au blauzi fupi. Kwenye sketi ndefu utachagua kati ya mistari iliyopinda machoni na pindo litakalozunguka mguu, na hakuna mshono wa kuviponya vyote viwili.